Msimu wa Manju: Mashindano ya Ngoma Mkoani Simiyu na Kipimo cha Umati

Utangulizi

Miongoni mwa wanamichezo wa kulipwa, wachache wamepangiwa mwaka wao kwa hesabu kamili kama mcheza tenisi. Mwaka huo huanza Januari katika sakafu ngumu za Melbourne, nchini Australia. Mei na Juni huwa Paris, juu ya udongo mwekundu. Julai huwa Wimbledon, mjini London, juu ya nyasi. Agosti na Septemba huwa New York, juu ya sakafu ngumu tena. Kila ushindi huandikiwa pointi, na pointi hizo hudumu majuma 52 tu. Juma la 53 hufutwa, na mchezaji hana budi kuzitafuta upya. Ndiyo maana twaweza kusema bila shaka yoyote kwamba mwaka 2015 Novak Djokovic wa Serbia alicheza michezo 88, akashinda 82, akashindwa 6, akatwaa mataji 11.

Mkoani Simiyu hakuna desturi ya tenisi ya kulipwa. Wapo, hata hivyo, washindani wenye msimu wao, wafuasi wao, mapato yao na sifa ya kulinda. Hao ni mamanju wa ngoma za Kisukuma. Manju, ambaye Wasukuma humwita ningi, ndiye mtunzi, mwimbaji na kiongozi wa kikundi. Msimu wake haukupangwa na ofisi yoyote, bali na mvua. Mwamuzi wake si mtu aliyeketi kitini, bali ni umati wa watazamaji. Makala haya yana nia ya kueleza msimu huo unavyokwenda, na kuonyesha kwamba mwamuzi huyo anaweza kupimwa kwa hesabu za shule ya sekondari.

Nchi na majira yake

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, na makao yake makuu ni Bariadi. Wilaya zake ni Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Bariadi ndiyo nchi ya Ntuzu, na Wasukuma wa huko hujiita Wanyantuzu. Upande wa magharibi mkoa unagusa Ziwa Viktoria. Upande wa mashariki, hasa Meatu, nchi ni kavu zaidi.

Mvua huanza mnamo Novemba na kwisha mnamo Mei, nazo hupungua kwa muda katikati ya kipindi hicho. Pamba hupandwa mwanzoni mwa mvua, nayo huchumwa mvua zinapokatika. Kuanzia Juni mambo matatu hukutana: kazi za shamba hupungua, fedha za pamba huanza kuingia mikononi mwa watu, na njia za vijijini hukauka na kupitika. Pasipo mambo hayo matatu hakuna mashindano, kwa kuwa watazamaji hawana nafasi, waalikaji hawana malipo, na vikundi haviwezi kusafiri.

Kwa hiyo msimu wa manju ni wa miezi michache ya kiangazi, ilhali ule wa mcheza tenisi ni wa takriban miezi kumi na mmoja. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mcheza tenisi aliyeshindwa juma hili huweza kujaribu tena juma lijalo katika nchi nyingine. Manju aliyeshindwa Julai ana nafasi chache tu kabla ya mvua kurudi. Na mvua zikikosa kunyesha mwaka ule, pamba hukosa, na msimu mzima huweza kupotea pasipo kosa lake.

Kambi mbili

Vikundi vya ngoma vya Usukumani vimegawanyika katika jamii mbili kubwa, Bagika na Bagalu. Mapokeo yanazitaja asili zake kuwa ni waganga na wacheza ngoma wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, ambao walishindana ili ijulikane ni nani aliye bora. Wafuasi wa Ngika wakawa Bagika, na wafuasi wa Gumha wakawa Bagalu. Ndani ya jamii hizo mna ngoma za namna nyingi: bugobogobo, ngoma ya majembe na kilimo, wigashe, ambayo wachezaji wake huimba wakiwa wameketi, ngoma ya Bayeye, wanaocheza na nyoka, na beni, iliyofika bara kutoka pwani.

Kila mwaka mnamo Juni hufanyika pia sherehe ya Bulabo katika kituo cha Bujora, karibu na Mwanza, ambacho Padre David Clement alikianzisha katika miaka ya 1950. Pale Bagika na Bagalu hukutana mbele ya watazamaji wengi. Lakini mashindano hayakomei hapo. Uwanja wa kijiji chochote huweza kuwa uwanja wa mashindano.

Mazoezi hufanyika shambani

Manju hujiandaa lini? Jibu limo katika kazi. Wakati wa mvua vikundi vya ngoma hualikwa kulima mashamba ya watu. Wakulima hujipanga mstari mmoja, ngoma hupigwa, manju huimba, na majembe huinuka na kushuka kwa pamoja. Mwenye shamba hulipa kwa chakula, mifugo au fedha. Huko ndiko nyimbo mpya hujaribiwa, na miili huzoeshwa kazi ndefu. Kijana aliyelima kwa mdundo kuanzia Desemba hadi Machi hahitaji kufundishwa Juni namna ya kurusha jembe na kulidaka bila kupotea mapigo.

Kuna sababu nyingine ya kisayansi ya kufanya kazi kwa mdundo mmoja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walichapisha mwaka 2010 matokeo ya jaribio juu ya wapiga makasia. Kila mmoja alifanya mazoezi ya nguvu ileile, mara akiwa peke yake, mara akiwa pamoja na wenzake kwa mwendo mmoja. Baada ya mazoezi ya pamoja, uwezo wao wa kustahimili maumivu ulikuwa mkubwa kuliko baada ya mazoezi ya upweke. Watafiti hao walidhani kuwa kwenda pamoja huongeza kemikali ambazo ubongo wenyewe huzitengeneza ili kupunguza maumivu. Mkulima wa bugobogobo hana chombo cha kupima kemikali hizo, lakini desturi yake inalijua tokeo lenyewe.

Siku ya mashindano

Siku ikifika, vikundi viwili huwekwa katika uwanja mmoja, kila kimoja upande wake, navyo hucheza kwa wakati mmoja. Watazamaji wako huru. Husimama hapa kwa muda, kisha husikia kelele za upande wa pili, wakakimbilia huko, kisha wakarudi. Mwishoni, kikundi kilichozungukwa na watu wengi zaidi ndicho kilichoshinda.

Kwa hiyo swali la manju ni moja: je, mtazamaji aliye mbali huvutwaje, na akisha kuvutwa huzuiwaje asiondoke? Wengi hutaja dawa ya mvuto, iitwayo samba, ambayo hutumiwa kabla ya mchezo. Elimu ya sayansi haina haja ya kubishana na imani hiyo. Inatosha kuonyesha kwamba mbali na dawa, manju hodari hutumia maarifa ya namna tatu, ambayo yote yanaelezeka: maarifa ya sauti, ya macho, na ya tabia ya watu wengi.

Sauti

Sauti hutoka katika ngoma na kusambaa pande zote. Mahali pa wazi, kila umbali unapozidishwa mara mbili, ukubwa wa sauti hupungua kwa desibeli 6 hivi. Umbali ukizidishwa mara kumi, hupungua kwa desibeli 20. Ngoma yenye desibeli 100 kwa mtu aliye mita 1 kutoka kwake itakuwa na desibeli 80 kwa mtu aliye mita 10, na 60 kwa aliye mita 100, ambazo ni kama za mazungumzo ya kawaida.

Hesabu hiyo hubadilishwa na joto. Sauti husafiri kwa kasi zaidi katika hewa yenye joto. Mchana wa kiangazi ardhi ya Simiyu huwa imepashwa sana, na hewa iliyo karibu na ardhi huwa na joto kuliko ya juu. Sauti hupinda kuelekea juu, ikawapita watu walio mbali. Jioni ardhi hupoa kwanza, hewa ya chini ikawa baridi kuliko ya juu. Ndipo sauti hupinda kurudi chini. Hii ndiyo sababu ngoma ileile ambayo saa nane mchana haikusikika kijiji cha pili, saa mbili usiku husikika kana kwamba imesogezwa. Atakaye kuwaita watu wa mbali kwa ajili ya kesho, na apige ngoma leo usiku.

Macho

Sauti humleta mtu uwanjani, lakini humzuia kwa kile anachokiona. Na hapa pana taabu kubwa: uwanja ni tambarare. Tuchukue mtazamaji ambaye macho yake yako mita 1.50 kutoka ardhini. Mbele yake, umbali wa mita 0.70, amesimama mtu wa kimo kilekile, ambaye utosi wake uko mita 1.62. Ili aone juu ya kichwa cha mwenzake, mstari wa macho yake hauna budi kupanda mita 0.12 kwa kila mita 0.70. Mchezaji akiwa umbali wa mita 14, mstari huo utakuwa umepanda 14 × 0.12 ÷ 0.70, yaani mita 2.4. Ukijumlisha na kimo cha macho, yapata mita 3.9.

Maana yake ni hii: mtu wa safu za nyuma, asipopata mwanya kati ya vichwa, huona tu vitu vilivyo juu ya takriban mita 4. Miguu ya mchezaji haioni kabisa. Basi si ajabu kwamba majembe hurushwa juu, kwamba wapo wachezaji wanaotembea juu ya miti mirefu, na kwamba vitu vya ajabu huinuliwa juu ya vichwa. Vitendo hivyo si mapambo tu, bali ni ujumbe kwa safu za nyuma, ambazo ndizo zilizo rahisi kuhama.

Nyoka naye huinuliwa kwa sababu hiyohiyo. Chatu hana sumu. Hatari yake ni kujiviringisha na kubana. Nyoka wengine, kama vile kifutu na swila, wana sumu ya kuua, na Bayeye hupata ujuzi wao kwa mafunzo ya muda mrefu. Mwanafunzi asijaribu kuiga. Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya maradhi ya tropiki yaliyosahauliwa mwaka 2017. Aliyeumwa atulizwe, kiungo kisitikiswe, na apelekwe hospitali bila kukawia.

Umati huvuta umati

Mwaka 1969 Stanley Milgram na wenzake walichapisha jaribio walilolifanya katika mtaa mmoja wa New York. Mtu mmoja alisimama kando ya njia akitazama dirisha la ghorofa ya juu. Kati ya wapita njia, asilimia 4 walisimama pamoja naye. Walipowekwa watu 15 kutazama dirisha lilelile, asilimia 40 walisimama. Dirishani hapakuwa na jambo lolote la maana. Lililobadilika ni idadi ya waliokuwa wakitazama.

Katika uwanja wa ngoma jambo hili lina uzito mkubwa. Mgeni anayefika hajui ni kikundi kipi kilicho bora. Dalili ya kwanza anayoiona ni mahali waliposimama wengine. Akienda huko, ameongeza dalili hiyo kwa atakayefuata. Tofauti ndogo ya nusu saa ya kwanza yaweza kukua ikawa ushindi. Kwa hiyo manju mwenye wafuasi waaminifu, wanaofika mapema na kuusimamisha mduara kabla ya wageni, ameanza mbele ya mwenzake. Wafuasi hao hakuwapata siku ile. Aliwapata kwa ushindi wa miaka iliyopita na kwa kazi za mashambani. Hivyo naye ana pointi zake za majuma 52, ila hazikuandikwa.

Mwili wa mchezaji

Mtu anayefanya kazi nzito juani huweza kutoa jasho la lita moja kwa saa, na pengine zaidi. Maji yanayopotea yakifika asilimia 2 ya uzito wa mwili, uwezo wa kazi ndefu huanza kupungua. Kwa mchezaji wa kilo 60 kiasi hicho ni kilo 1.2, yaani jasho la saa moja na robo hivi. Mcheza tenisi ana kanuni inayomlinda: wachezaji wanapobadilishana pande, hupewa sekunde 90 za kuketi na kunywa. Manju hana kanuni hiyo. Akinyamaza ili anywe maji, mpinzani wake haachi kuimba, na watu huondoka. Dawa yake ni mpangilio: wachezaji watoke kwa zamu, wimbo upokelewe na mwingine, maji yawe karibu, na kitendo kikubwa kiwekwe akiba kwa saa ya mwisho, wakati miili ya upande wa pili imechoka.

Kuhesabu umati

Sasa tumfikie mwamuzi mwenyewe. Tunajuaje kwamba umati huu ni mkubwa kuliko ule? Katika miaka ya 1960 Herbert Jacobs, mwalimu wa uandishi wa habari katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, alizitazama picha za mikutano ya wanafunzi na kutunga kanuni nyepesi. Katika umati uliolegea, kila mtu huchukua eneo la karibu mita 1 ya mraba. Katika umati uliosongamana, huchukua mita 0.4 ya mraba. Pakiwa pamebanana kabisa, huchukua mita 0.25 ya mraba au pungufu kidogo. Basi hupimwa eneo, kisha hugawanywa kwa nafasi ya mtu mmoja.

Tuseme kila kikundi kina duara la kuchezea lenye nusu kipenyo cha mita 10. Watazamaji wa kikundi cha kwanza wameenea hadi mita 18 kutoka katikati, nao wamesimama kwa kulegea. Eneo lao ni 3.14 × (18 × 18 − 10 × 10), yaani mita za mraba 703. Ni watu 703 hivi. Watazamaji wa kikundi cha pili wameishia mita 16, lakini wamesongamana. Eneo lao ni 3.14 × (16 × 16 − 10 × 10), yaani mita za mraba 490. Ukigawanya kwa 0.4, ni watu 1,225.

Kwa mtu aliyesimama mbali, duara la kwanza ni pana, nalo laonekana kuwa limeshinda. Kwa hesabu, la pili lina watu zaidi ya la kwanza kwa 522. Jicho la binadamu hupima upana, halihesabu vichwa. Migogoro baada ya mashindano, ambapo kila upande huapa kwamba ndio uliokuwa na watu wengi, yaweza kutokea bila mtu yeyote kusema uongo.

Kuna jambo la pili. Watazamaji huhama kila mara, kwa hiyo hesabu ya dakika ya mwisho si sawa na wastani wa alasiri nzima. Kikundi kilichokuwa na watu wengi kwa saa tatu huweza kupokonywa ushindi katika robo saa ya mwisho. Ni juu ya wenye mashindano kuamua ni kipimo kipi kilicho cha haki. Sayansi haiamui hilo. Kazi yake ni kuonyesha kwamba vipimo hivyo ni viwili, na kwamba vyaweza kutoa washindi wawili tofauti.

Hitimisho

Msimu wa manju hauna mapumziko kamili: mvua humfunza mwili na nyimbo, pamba humpa watazamaji, na kiangazi humhukumu. Maarifa yake juu ya sauti, macho na tabia za watu yamejaribiwa uwanjani kwa vizazi, mbele ya mwamuzi asiyependelea. Kinachokosekana ni kumbukumbu. Ya Djokovic ya mwaka 2015 yanajulikana hadi mchezo wa mwisho kwa sababu yaliandikwa. Mamanju wa Ntuzu walioshinda miaka mingi wamesahauliwa na wajukuu wao, si kwa sababu walikuwa wadogo, bali kwa sababu hapakuwa na aliyebeba kamba ya kupimia na daftari. Kazi hiyo haihitaji mashine. Mwalimu wa hesabu wa Bariadi au Mwanhuzi aweza kuianza kiangazi kijacho pamoja na wanafunzi wake.

Zoezi

1. Pimeni kwa kamba nusu kipenyo cha duara la wachezaji na cha ukingo wa watazamaji, kwa kila kikundi, kila baada ya dakika 10. Andikeni pia kama umati umelegea, umesongamana au umebanana.

2. Kokotoeni idadi ya watazamaji kwa kila kipimo, kisha chorani grafu ya vikundi vyote viwili. Je, aliyeongoza katika nusu saa ya kwanza ndiye aliyeshinda?

3. Andikeni saa ambayo kila kitendo cha kurusha au kuinua kitu kilifanyika. Angalieni katika grafu kama idadi ya watu ilibadilika baada yake.

4. Waulizeni watazamaji 20 waliosimama mbali ni upande upi wenye watu wengi. Linganisheni majibu yao na hesabu yenu.